Hesabu ya ng'ombe wasiohesabiwa: safari yetu ya Luvungi mpaka Bukavu

Tangu nirudi, siwezi kwenda kuchota maji bila mutu kunishika mukono: "Koko Felisita, ilikuwa namna gani huko?" Mumoja nilimupa habari ya kamio, mwingine habari ya supu, mwingine habari ya masera aliyekasirika. Sasa kila mumoja ana kipande chake, na Jumapili munabishana nje ya kanisa nani ana habari ya kweli. Basi nimekaa chini na kalamu, niandike yote mara moja. Mimi sikusoma sana. Shule yangu ni ile ya kujiandaa kwa ubatizo, na mukono wangu unatembea polepole kama kinyonga. Lakini majina ya watu hayanitoki. Mutu akiniambia jina lake mara moja, limeingia. Mambo ya karatasi za ruhusa ya kusafiri nayaruka. Aliyewahi kungoja mbele ya mulango wa ofisi anajua, na asiyewahi, Mungu amusaidie asijue.

Tulienda kwa sababu ya Nabintu, mutoto wa marehemu mwanangu Matayo, ambaye nimemulea mimi, koko yake, ni kusema bibi yake. Kule Bukavu masera, wale watawa wanawake, wanachukua wasichana na kuwafundisha ualimu. Nafasi ni chache, na wanaotaka ni wengi, kwa hiyo kuna egzame, mutihani wa kuingia, na egzame yenyewe karibu yote ni hesabu. Si hesabu ya kujumlisha tu. Ni zile hesabu za hadithi: mutu fulani alikuwa na kitu fulani, akapoteza hiki, akaongeza kile, sasa wewe useme alianza na nini. Nabintu anazipenda. Anazitatua akitwanga, akipalilia, hata akisuka nywele.

Lakini mwanangu Zakaria, baba yake mudogo, alikuwa amepokea watu wa Lubarika waliokuja kumuulizia kijana wao muke. Zakaria si mutu mubaya. Alisema mbele ya ndugu wote: "Maman, muende. Jina lake likisomwa, abakie kule, mimi sina neno. Lisiposomwa, munarudi naye, na mavuno yakiisha anaolewa." Nabintu aliinamisha kichwa. Ila tangu siku ile alianza kuamka kabla ya kuku, afanye hesabu.

Juu ya magunia ya ndagala

Kamio ilitokea Uvira imejaa ndagala wakavu. Shofere alikuwa Anselme Bisimwa, mutu wa Walungu, mufupi, mwenye kicheko kikubwa kuliko yeye mwenyewe. Aliniangalia, akaangalia jua.

"Maman, mbele imejaa. Utapanda juu na samaki?"

"Samaki hawajanikosea kitu," nikamuambia.

Akanisukuma kutoka chini, Nabintu akanivuta kutoka juu, na watu wa Luvungi wakapiga makofi kama vile napandishwa mbinguni. Tukakaa juu ya magunia. Nabintu alikuwa amefunga gauni lake jeupe la egzame ndani ya kitenge, akalishika kifuani. Haikusaidia. Hatujafika hata mbali, gauni, kitenge, nywele zetu, vyote vilikuwa ndagala.

Kisha pine ya gurudumu ikapasuka. Anselme akaibandika. Ikapasuka tena palepale. Akakaa kando ya barabara, akaiongelesha ile pine kama mutu anayemubembeleza muke aliyekasirika: "Mama, nimekukosea nini? Sema tu." Sisi tulikula mihogo tuliyoichemsha nyumbani, na mwanaume mumoja tuliyekaa naye juu ya magunia akatugawia njugu. Jina lake Karoli Rugamba, fundi wa kushona, mwenye masharubu yaliyochongwa vizuri. Alikuwa na kichwa cha cherehani amekifunga kwa blanketi, na hakukiacha hata alipokwenda kujisaidia.

"Binti wa kwenda wapi huyu?" akauliza.

"Wa kwenda kufanya egzame ya hesabu kwa masera."

"Hesabu!" Karoli akasugua mikono. "Basi njia haitakuwa ndefu."

Mbele ya baryeri, Kamanyola

Wale ambao hamujapanda mulima wa Ngomo, niwaeleze. Barabara ni nyembamba, upande mumoja ukuta wa mawe, upande mwingine bonde ambalo ukiangalia chini unamukumbuka mutakatifu wako. Kamio mbili haziwezi kupishana. Kwa hiyo chini kuna baryeri, kizuizi cha kufunga njia, na juu kuna baryeri. Saa hizi wanapanda, saa zile wanashuka. Kwa sababu ya ile pine tulifika saa ya kushuka, tukafungiwa.

Hapo kuna maman mumoja anayepika, Yosefina Mwangaza, na nawaambia, mukipita hapo bila kula kwake mumepoteza safari. Bugali wa muhogo, ndagala, pilipili inayofungua masikio. Aliponusa kitenge chetu akacheka: "Nyinyi hamuhitaji mboga, mukijilamba inatosha!"

Watu walikuwa wengi, wamechoka kungoja, na Karoli akaona hapo ndipo kanisa lake. Akasimama juu ya jiwe.

"Sikilizeni! Mulima huu tuseme ni kilomita makumi tatu. Kamio moya inatoka hapa, inapanda kilomita kumi kila saa. Ingine inatoka kule juu saa ileile, inashuka kilomita makumi mbili kila saa. Binti, zitakutana wapi?"

Watu wote wakamugeukia Nabintu. Yeye akamalizia tonge lake kwanza.

"Hazitakutana," akasema.

"Namna gani hazitakutana?"

"Baryeri si imefungwa?"

Kicheko kilichotoka pale, hata mulinzi wa baryeri alikuja kuuliza ni nini. Anselme alijipiga mapaja. Karoli akabaki na kidole hewani. Ndipo Nabintu akaongeza, kwa adabu: "Lakini kama mulinzi akisahau kufunga, zitakutana baada ya saa moya. Kilomita kumi kutoka hapa. Na Papa Anselme atarudi kinyumenyume zote kumi."

"Kinyumenyume na hii pine?" Anselme akapiga kelele. "Mutoto, usinitakie hiyo!"

Nilijisikia kama nimekula asali. Maman Yosefina akamuongezea bugali kwa sababu ya akili. Na Karoli, ambaye hakutaka kushindwa, akafikiri kidogo akasema: "Haya, hii ya pili. Papa mumoja iko na ng'ombe. Nusu iko kwenye majani, robo iko ku muto, na tano imebaki nyumbani. Ng'ombe yote ni ngapi?"

Nabintu akarudisha tonge kwenye sahani. Akaangalia mikono yake. Tukangoja.

"Sijui, Papa."

"Kamio anaweza, ng'ombe anashindwa!" Karoli akasema. Hakusema kwa ubaya. "Angalia, binti. Mimi mutoto wa dada yangu alifanya egzame ya wale masera. Alisema ni ng'ombe, ni ng'ombe, ni ng'ombe tu, tangu asubuhi."

Nikamuvuta mutoto kando, nyuma ya kamio.

"Ile ni ngumu?"

"Haiko nguvu, Koko. Lakini nikisikia ng'ombe ya mutu, naona ile yetu kwenye mulango ya zizi, na kichwa yangu inakataa kwenda mbele. Ni wewe ulinifundisha."

Kweli, ni mimi. Munajua wenyewe jinsi ilivyo kwetu. Ng'ombe hahesabiwi kwa mudomo. Jioni wakirudi, mutu anasimama kwenye mulango wa zizi, anawaita kwa majina na kwa rangi, na asiyekuwepo anajulikana. Ukisema "niko nao kadhaa" ni kama umekiambia kifo: karibu, chagua. Hivyo ndivyo mama yangu alivyonilea, na ndivyo nilivyomulea Nabintu. Sasa nifanye nini? Nimuambie "hesabu tu, haidhuru"? Na siku ndama akifa nitamutazama namna gani? Baryeri ikafunguliwa, na sisi tukapanda juu ya ndagala wetu, na Lubarika naiona mbele ya macho yangu kama vile ndiko tunakokwenda.

Kupanda kwa miguu

Tulipofika katikati ya mulima mvua ilitukuta. Si mvua yetu ya huku bondeni, inayokuja na kelele na kuondoka. Ile ya mulimani inakaa. Kisha Anselme akasimamisha kamio. Mbele yetu udongo ulikuwa umeshuka na kulala barabarani kama ng'ombe anayejifungua. (Munaona, hata mimi nilikuwa na ng'ombe kichwani tu.)

"Tutachimba," Anselme akasema. "Mutu mwenye haraka atembee. Nitawakuta Nyangezi, Mungu akipenda na pine ikipenda."

Egzame ilikuwa karibu mno. Tukashuka. Karoli akajifunga kichwa cha cherehani mugongoni, kwa blanketi, kama maman anayebeba mutoto, akaja nasi. Magoti yangu yalianza kulia kabla ya kona ya kwanza. Kila kona nilisema nitapumzika kwenye inayofuata, na inayofuata nilikuwa naogopa kukaa nisishindwe kuinuka.

"Koko," Karoli akasema, "tukugawe kwa mbili? Mutoto abebe nusu, mimi nibebe nusu."

"Na cherehani utamuachia nani?"

"Hiyo ndiyo itabakia."

Hata Nabintu akacheka, mara ya kwanza tangu baryeri. Nyuma yetu, kule mvua haikufika, bonde lote la Ruzizi lilikuwa limefunguka, muto unang'aa chini kabisa kama uzi, na mahali fulani mule ndani ya ukungu wa joto ilikuwa Luvungi yetu. Mbele yetu ilikuwa baridi. Nilivaa kila nguo niliyokuwa nayo, na bado meno yaligonga.

Kwa Papa Ntakwinja, Nyangezi

Tuliingia Nyangezi jua likiwa bado juu ya migomba, tumelowana kama vitambaa vya kufutia vyungu. Karoli alikuwa na shemeji yake huko, akatuaga. "Binti," akamuambia Nabintu, "zile ng'ombe, usizikimbie." Akaenda zake na cherehani yake.

Nyumba ya kwanza tuliyobisha hodi ilikuwa ya muzee mumoja, Ntakwinja, na muke wake Nsimire. Mungu awape miaka mingi. "Asinge, asinge!" wakatusalimu, na kabla sijamaliza kusema sisi ni nani, Nsimire alikuwa amenivua kitenge na kukitundika juu ya moto. Akatupa viazi vitamu na maharagi, vimepondwa pamoja, vinawaka, na mimi akanipa kasiksi kidogo, pombe ya ndizi, kwa ajili ya magoti. Alifua gauni jeupe mara mbili, akalinusa, akalifua tena. "Egzame au soko la samaki?" akauliza.

Papa Ntakwinja alikuwa amekaa kwenye kigoda anakata vijiti. Kwenye ile nchi yao yeye ndiye mushenga. Kesho yake alikuwa anakwenda kusema mambo ya ndoa kwa upande wa binti. Alikata vijiti sawasawa, vingine akaviweka wazi kwenye mukeka, vingine akavifunga ndani ya jani la mugomba na kukaza kwa kamba, huwezi kuona ndani. Nabintu alikuwa anamutazama mikono.

"Papa, hii ni ya nini?"

"Ni ng'ombe, mwana wangu."

Nabintu akasogea nyuma kidogo. Muzee akacheka.

"Unaogopa? Vizuri. Umelelewa. Ng'ombe ya mutu haihesabiwe. Lakini ndoa itafungwa namna gani kama hakuna mutu anasema? Basi mimi sihesabu ng'ombe. Nahesabu muti. Kijiti hakina mukia, hakina ugonjwa, hakuna kitu kitakifuata."

"Na ile umefunga?"

"Ile ni siri ya baba wa binti. Upande ingine haijue mule ndani iko ngapi. Inajua tu mafurushi yote iko sawasawa." Akaweka mafurushi mawili na vijiti vitatu upande mumoja wa mukeka. Upande wa pili akapanga vijiti kumi na tano. "Wamekubaliana: hii na hii ni sawa. Mule ndani ya furushi moya kuna ngapi? Na usifungue. Anayefungua mbele ya wakati anaharibu ndoa."

Nabintu akapiga magoti. Akaangalia huku, akaangalia kule. Akanyoosha mukono kuondoa vile vijiti vitatu vilivyokuwa kando ya mafurushi.

"Ah!" muzee akamushika mukono. "Umetoa kwa huyu, na kwa mwenzake je? Unataka watu wapigane? Unachotoa huku, kitoe na kule."

Akatoa vitatu huku, akatoa vitatu kule. Vikabaki kumi na viwili. Akavigawa mafungu mawili, akaweka kila fungu mbele ya furushi lake.

"Sita," akasema.

Muzee akamupa furushi afungue. Akalifungua. Sita. Nsimire akapiga kigelegele kidogo, na mimi nikasahau magoti.

Nabintu hakucheka. Alikuwa ameenda mbali, ninamujua akiwa hivyo. Akaomba jani lingine. Akafunga mafurushi manne, matupu, akayapanga. "Koko," akasema, "ile ya Papa Karoli. Mafurushi mawili iko kwenye majani. Ile nusu. Moya iko ku muto. Ile robo. Moya imebaki nyumbani, na hii njo tunajua: mule ndani vijiti tano." Akayagusa yote kwa kidole. "Kama hii ni tano, zote ni tano. Vijiti makumi mbili."

"Na ng'ombe?" nikamuuliza kwa sauti ndogo.

"Ng'ombe iko na mwenyewe. Mimi nimehesabu muti."

Jamani. Nililala usingizi wa mutu aliyeshinda kesi.

Bukavu, na supu

Asubuhi Anselme alitukuta, tope mpaka kwenye nyusi. Bukavu tulifika mchana. Siwezi kuwaeleza lile ziwa, limeingia katikati ya milima kama mukono wenye vidole vimefunguliwa, na nyumba za Wazungu zimekaa juu ya kila kidole. Tulipita Nyawera, watu wanatembea kama wote wanaitwa, tukapanda Kadutu kwa Klementina, binti wa dada yangu. Nyumba ndogo, watoto wengi (sisemi wangapi), roho kubwa. Baridi ilinifanya nivae soksi za mume wake hata kitandani.

Siku ya egzame wasichana waliandika tangu asubuhi ndani ya darasa, na sisi wazazi tulikaa kwenye nyasi za masera. Tulikuwa tumeambiwa tusipige kelele. Saa ya chakula masera wakatuletea kila mutu bakuli la supu, na majani ya kijani yanaelea. Tukashukuru. Tukalishika. Tukangoja. Jirani yangu, Papa Deogratias aliyetoka Kabare, akaninong'oneza: "Bugali uko nyuma?" Nikamuambia bila shaka wanasonga. Tukangoja na mabakuli kwenye mapaja. Supu ikapoa. Masera mudogo akaja, akaona hatujagusa, akakusanya yote kwa uso wa huzuni. Akafikiri hatukupenda! Kwenye safari yote, ile ndiyo siku niliyoshinda njaa, na chakula nilikishika kwa mikono yangu miwili.

Kwenye baraza ya masera

Mchana wakaanza kuita mumoja mumoja kwa hesabu za mudomo, juu ya baraza, mbele ya meza. Sisi tuliona yote na kusikia yote. Mukubwa wao alikuwa Masera Adriana, murefu, miwani, Kiswahili chake kizuri lakini kimesimama wima kama yeye. Wasichana wengine walilia. Mumoja aliulizwa, akajibu vizuri sana, na baba yake hapo kwenye nyasi akavua kofia.

"Nabintu Veronika."

Gauni lilikuwa jeupe. Harufu sijui.

"Sikiliza vizuri," Masera akasema. "Muchungaji ana ng'ombe. Theluthi wamekwenda mutoni. Robo wako kwenye majani. Kumi wamebaki ndani ya zizi. Ng'ombe wote ni wangapi?"

Nikafunga macho. Nilipofungua, Nabintu alikuwa ameinamisha kichwa, na mikono yake imeingia chini ya meza. Masera naye aliona.

"Unaficha nini? Toa."

Mutoto akaweka mezani: vijiti, na mafurushi madogo ya majani ya mugomba, yamefungwa kwa kamba. Alikuwa ameyabeba kutoka Nyangezi bila kuniambia. Na mimi nikaona kile ambacho Masera alikiona: dawa. Dawa ya mulozi, juu ya meza ya egzame, chini ya musalaba.

"Hii, kwenye nyumba ya Mungu?" Masera alikuwa mwekundu. Akakusanya vyote kwa mukono mumoja, akavitupa chini ya baraza. Furushi moja likaja kusimama karibu na mguu wangu.

Niliinuka. Papa Deogratias akanishika kitenge: "Koko, kaa. Ukiongea utamuharibia." Nikabaki nimesimama nusu, kama mutu anayetaka kupiga chafya. Mbele ya macho ya moyo nilimuona Zakaria. Nilimuona yule kijana wa Lubarika, ambaye ni kijana muzuri, simusemi vibaya. Nilisema moyoni: tumefika mpaka hapa kwa miguu, kwa ajili ya hili?

Nabintu hakulia. Alisimama sawasawa, akasema: "Masera, naomba chaki."

Sijui kwa nini yule masera alimupa. Labda kwa sababu ya sauti. Nabintu akachukua kibao kilichokuwa mezani, akaanza kuchora duara ndogondogo, kila moja na alama ya kamba juu yake. Kumi na mbili.

"Hii ni mafurushi," akasema, na sauti yake ilitufikia sisi sote. "Nimechora kumi na mbili sababu inagawanyika kwa tatu na kwa ine. Theluthi, mafurushi ine, imeenda ku muto." Akayafuta. "Robo, mafurushi tatu, iko kwenye majani." Akayafuta. "Imebaki tano. Na Masera amesema mule zizi iko kumi. Basi kila furushi ni mbili. Yote kumi na mbili, mara mbili. Makumi mbili na ine."

"Ng'ombe makumi mbili na ine," Masera akasema.

"Vijiti, Masera."

"Sikuuliza vijiti."

"Najua, Masera. Lakini ng'ombe ya mutu haihesabiwe na mudomo. Tunahesabu muti, na mwenye ng'ombe atajua yeye mwenyewe. Ile umetupa haiko dawa. Njo hesabu yangu."

Masera akaangalia kibao. Akaangalia chini kwenye nyasi. Kisha akashuka ngazi, na gauni lake refu, akaja mpaka miguuni pangu, akainama, akaokota lile furushi. Akalifungua. Hamna kitu ndani.

"Ni tupu," akasema.

"Ndiyo, Masera. Ni ile hatujajua bado."

Hapo uso wake ukabadilika. Alirudi juu amelishika lile jani kama yai. "Sisi," akasema polepole, "ile ambayo hatujaijua bado, tunaandika x." Akaandika kwenye kibao, kamusalaba kadogo kamelala. "Hebu sikiliza hii. Mama ana miaka mara tatu ya miaka ya mutoto wake. Baada ya miaka kumi na miwili, mama atakuwa na mara mbili tu. Mutoto ana miaka mingapi?"

Watu kwenye nyasi wakavuta pumzi, maana hii hakuna mutu alikuwa ameulizwa. Nabintu akachora furushi moja: mutoto. Mafurushi matatu: mama. Akaongeza kumi na mbili huku, kumi na mbili kule. "Mama sasa ni mafurushi tatu na vijiti kumi na mbili. Mutoto mara mbili ni mafurushi mbili na vijiti makumi mbili na ine. Ni sawa. Natoa mafurushi mbili huku, natoa mbili na kule, watu wasipigane." Masera aliinua nyusi. "Huku furushi moya na kumi na mbili. Kule makumi mbili na ine. Natoa kumi na mbili pande yote. Mutoto iko na miaka kumi na mbili. Mama makumi tatu na sita."

Masera Adriana alichukua chaki mukononi mwa Nabintu, akaiangalia, akamurudishia. "Baki nayo," akasema.

Majina yalisomwa kesho yake, kwenye baraza ileile. Masera alisoma polepole, na kila jina lisilokuwa letu lilinipiga kifuani. Kisha akasema: "Nabintu Veronika," na akaongeza jina la kwetu, Luvungi, ili kila mutu ajue anatoka wapi. Tulikuwa tumeambiwa tusipige kelele. Mimi nilipiga kigelegele mpaka njiwa wakatoka juu ya kanisa, na Papa Deogratias, ambaye binti yake pia alikuwa amesomwa, akaniwekea kofia yake kichwani, akacheza. Hakuna masera aliyetukataza.

Kushuka

Anselme alikuwa anarudi na sabuni na chumvi. Safari hii aliniweka mbele, karibu na usukani, kama muke wa administrateri. Klementina alikuwa amenijazia kikapu cha viazi vya Bukavu. Tulishuka Ngomo saa ya kushuka, bila pine kupasuka hata mara moja, na Maman Yosefina alitoka mbio na mwiko mukononi kuuliza habari.

Zakaria alikuwa anangoja kando ya barabara, pale munapojua. Nilishuka polepole. Akanisalimia, lakini macho yake yalikuwa nyuma yangu. Hakuna mutu aliyeshuka. Akazunguka kamio. Akapanda juu ya gurudumu, akachungulia kati ya makatoni.

"Papa, unatafuta nini mule?" Anselme akamuuliza. "Hapa iko sabuni na chumvi tu."

"Maman," Zakaria akasema kutoka kule juu, "mutoto iko wapi?"

Nikanyoosha kitenge changu. "Angalia tena vizuri," nikamuambia.

Akaangalia tena, maskini. Kisha nikaona mugongo wake umeelewa kabla ya uso wake. Alishuka, akapangusa mikono kwenye suruali, watu wote wanamutazama. "Kesho," akasema, "nitaenda Lubarika kuongea na wale watu." Akainama, akachukua kikapu changu cha viazi, akakiweka kichwani pake, yeye mwanaume muzima, mchana kweupe, mbele ya kamio nzima, akatangulia mbele yangu mpaka nyumbani.